Kila nikiokota, anatupa tena

Shangazi wa Mashini anajibu barua zenu

Wanaonijua wanajua ninapokaa: kwenye baraza, mashini ya kushona mbele yangu, Goma yote ikipita na vumbi lake. Mwezi huu barua nne zimeniletea jambo moja, kana kwamba waliozituma walikaa kikao wakakubaliana: vitu vya watoto wachanga vinavyoanguka chini. Ya kwanza nitaijibu kirefu kwa sababu ina hatari ndani yake. Nyingine hazitatuchukua muda.

Barua ya kwanza

*Jambo Shangazi. Niko na mtoto wa kiume wa miezi 9, ndiye wa kwanza. Nauza vitambaa kwenye kibanda upande wa Birere na ninashinda naye hapo. Nilimnunulia kiti kirefu cha mbao ili aone watu. Sasa kazi yangu imekuwa kuinama. Nampa biberoni, anakunywa kidogo, anaiachia. Naokota, napangusa, namrudishia, anaiachia tena huku ananitazama usoni. Kayamba yake, kijiko, kifuniko cha sufuria, vyote mwendo ni mmoja. Chini kwangu ni mawe na mchanga mweusi, unajua kwetu. Biberoni imejaa mikwaruzo, na maji ya kuiosha nanunua kwa bidoni. Jirani anasema mtoto ana kiburi, nimchape vidole. Mama mkwe amenipa kamba ya kiatu, anasema nifunge biberoni na tetini, ile chuchu ya bandia ya kumtuliza, shingoni mwa mtoto, ndivyo alivyolea yeye. Wewe ni mshonaji: unaweza kunitengenezea kamba nzuri ya shingoni, yenye shanga? Nitalipa. Aksanti.*

*Mama wa kibandani, Goma*

Mwanangu, pesa yako iweke. Kamba ya shingoni mwa mtoto siishoni, iwe ya shanga au ya dhahabu. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakueleza ile ninayoishona, utaikata mwenyewe kwenye masalio ya vitambaa vyako bila kutoa hata franka moja.

Mtoto wangu wa kwanza nilimfunga tetini shingoni. Nilikuwa na miaka 20, nimetoka tu kujifunza kushona, najiona fundi. Nilichagua utepe mwekundu, nikauacha mrefu ili ufike mdomoni bila kumsumbua. Tulikuwa kwenye nyumba ya mbao, na ukuta wa mbao una misumari: mmoja umezama, mwingine umebaki nusu nje. Siku hiyo nilitoka kuanua nguo, nikamwacha ameshika ukuta anajifunza kusimama. Utepe ukanasa kwenye msumari. Mtoto akichoka kusimama anafanya nini? Anakaa. Naye akakaa. Sikusikia kilio chochote, na hicho kimya ndicho kilichonirudisha ndani. Nilimkuta ananing'inia, rangi ya uso imebadilika. Makasi yalikuwa mfukoni mwa eproni kwa sababu ya kazi yangu. Mwenzangu asiye mshonaji angetoa nini mfukoni, funguo?

Leo huyo mtoto ana ndevu na ananigombeza nikichelewa kula. Lakini tangu siku ile najua kwamba mtoto anayekabwa shingo halii. Kilio kinataka hewa. Kwa hiyo mama mkwe mwambie, kwa adabu yote anayostahili, kwamba watoto wake walipona kwa bahati kama wangu. Kama hawezi kusikia hayo kutoka kwako, na wakwe wengine hawasikii, mletee gazeti hili asome yeye mwenyewe, au asomewe.

Na jirani naye asikuchapishe mtoto. Kiburi cha miezi 9 mimi sijakiona. Mtoto anapozaliwa anajua kushika: mtie kidole kiganjani uone. Kuachia kwa kupenda kwake ndiko hajui, na anakujifunza mwishoni mwishoni, karibu na umri huohuo wa wako. Ni kama mtu aliyepewa mashini mpya. Atashona hata kitambaa kisichohitaji kushonwa. Anafungua vidole, kitu kinakwenda. Kinakwenda wapi? Kinapiga kelele gani? Biberoni inalia tofauti na kijiko. Na kikubwa kuliko vyote, mama anainama! Kitu kidogo kama yeye, kimemwinamisha mtu mzima.

Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo aliniambia kuna Mswisi, Jean Piaget, aliyewachunguza watoto wake watatu nyumbani akaandika kila kitu. Mwanawe Laurent alipokuwa na miezi 10 hivi alikuwa akinyosha mkono huku na huku, anaachia kitu, anatazama kimeangukia wapi, anabadilisha mkono, anaachia tena. Baba akaona kwamba mtoto anafanya majaribio. Mimi nimezaa 6 na wote walifanya hivyo, lakini nilikuwa nainama kuokota, sikuwa na nafasi ya kuandika.

Biberoni ina sababu nyingine pia, na hii wengi hawaifikirii. Ya mililita 240 ikijaa maziwa inafika robo kilo, bado haujahesabu chombo chenyewe. Mtoto wako wa miezi 9 ana kilo ngapi, 8? Basi fikiria wewe wa kilo 64 unashikilia juu chupa ya lita 2, mikono imenyoshwa, na chupa yenyewe ni nene kuliko kiganja chako. Utaishikilia hadi lini? Mwingine hatupi, amechoka tu. Weka maziwa kidogo kidogo, au mshikilie wewe. Na akigeuza kichwa akaisukuma, ameshiba. Usimrudishie. Nusu ya kuokota kwako kutaisha hapo, kwa sababu mtoto aliyeshiba akipewa biberoni amepewa mpira.

Sasa kiti. Kiti kirefu ni kizuri kwenye nyumba yenye sakafu laini. Kwetu mtoto akikaa juu, kila kitu kinapata safari ndefu, na mwisho wa safari ni jiwe. Mji huu umekaa juu ya mgongo wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Moto wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji, ile nyumba yetu ya mbao na misumari yake ikaishia humo, na tulipojenga tena tulijenga juu ya mawe yaleyale. Jiwe la volkano lina matundu na meno. Plastiki inakwaruzika, na mkwaruzo unaweka uchafu usiotoka kwa kupangusa. Biberoni ya kioo ndiyo mbaya zaidi: vipande vinajificha katikati ya mawe meusi, utavipata kwa goti la mtoto siku akianza kutambaa.

Mshushe chini. Tandika mkeka kibandani, juu yake kitenge kizee kilichokunjwa mara mbili. Chukua beseni pana la plastiki, lile la kufulia, kavu kabisa, utie taulo ndani, mkalishe humo na vitu vyake. Ukingo wa beseni unamzunguka pande zote. Akiachia kijiko kinaanguka mapajani mwake, anakiokota mwenyewe, anaachia tena, na mgongo wako umepona. Beseni likae chini siku zote, lisipandishwe kwenye meza wala kwenye benchi. Ukikosa beseni, katoni ya sabuni inatosha kwa wiki mbili, mpaka aanze kuila.

Akila mezani, mwekee vitu vyake ndani ya lungo, wengine mnaliita ungo. Lungo lina ukingo. Kijiko kikiteleza kinagota, hakivuki. Chini ya lungo au sahani tia kitambaa chenye maji kilichokamuliwa vizuri. Kitambaa kibichi kinashika meza, sahani haisukumiki. Hilo sikulisoma popote. Nimezoea kuweka kitambaa kibichi chini ya mguu wa mashini unaoteleza.

Kama kiti kirefu umekilipia na hutaki kukiacha, basi shona kamba, lakini ifunge kwenye kiti. Mtoto asiwe na kamba mwilini hata moja: shingoni, mkononi, kiunoni, wala kwenye nguo. Kata kitenge upana wa sentimita 6, ukunje kingo ziingie ndani, ukunje tena katikati, ushone pande mbili. Utapata mkanda bapa wa sentimita 1.5. Usitumie uzi mwembamba wala lastiki. Uzi mwembamba unakata, na lastiki inavutika mpaka urefu usioutaka, kisha inarudi usoni kwa nguvu. Urefu ni shibiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Ya kwangu ina sentimita 20. Ulaya kanuni ya kamba za tetini inakomea sentimita 22, kwa hiyo bibi zetu waliopima kwa mkono hawakuwa mbali. Ukiunganisha mikanda miwili ili ifike mbali umeharibu kazi yote, kwa sababu mirefu inazunguka shingo. Upande mmoja shona kitanzi kidogo, kizungushe kwenye ubao wa kiti, upitishe mkanda ndani yake mwenyewe. Upande wa pili unafunga kayamba. Vitu viwili vinatosha, kayamba na kijiko. Ukimfungia sita atakuwa kama mchuuzi wa kituo cha magari.

Mkanda unafungwa mtoto akiwa ameketi na wewe unamwona. Ukimtoa kwenye kiti, mikanda inabaki kwenye kiti. Kitandani haiingii kabisa.

Kwa biberoni nina ujanja wa soksi. Chukua soksi nene ya mtu mzima, iliyofuliwa, ukate sehemu ya vidole na kisigino, ubaki na shingo yake. Ivalishe biberoni. Mikono ya mtoto inapata mahali pa kushika, haitelezi, na ikianguka jiwe linapiga soksi badala ya plastiki. Shona kitanzi pembeni, upitishe ule mkanda wa shibiri. Ubaya wake ni kwamba soksi inaficha maziwa yamebaki kiasi gani, na inanyonya yaliyomwagika. Ivue kila ukiosha, uwe nazo mbili.

Shanga ulizoniomba hazimo. Shanga zinachomoka, nimeshona miaka 30 na zaidi, najua uzi unavyoliwa na mate. Kipimo changu ni kifuniko cha chupa ya bia ya Primus. Kina karibu milimita 32, na kile kichombo ambacho viwanda vinatumia kupimia vitu vya watoto wa chini ya miaka 3 kina upana wa milimita 31.7, karibu sawa. Kitu kinachofichika chini ya kifuniko hicho kinaingia kooni. Kilichokizidi kidogo nacho sikiamini. Na kifuniko chenyewe, ukimaliza kupimia, kitupe mbali, kina meno.

Nimeandika sana juu ya biberoni kwa sababu umeuliza hiyo. Lakini kama bado una maziwa kifuani, ziwa halianguki chini. Shirika la Afya Duniani linasema ziwa peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha liendelee pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Na kwa miezi 9 wako anaweza kujifunza kikombe, kile cha kawaida kisicho na mdomo wa plastiki. Mshikilie wewe, utie funda mbili tatu tu. Atajimwagia, ndiyo. Lakini kikombe kinaoshwa kwa vidole viwili na sabuni, hakina chuchu yenye tundu ambamo maziwa yanaoza usiyaone. Kwa mama anayenunua maji kwa bidoni, mimi naona hilo peke yake linatosha kumfanya aanze leo.

Barua ya pili

*Shangazi, nakusalimia kutoka Bukavu. Mimi ni baba, nakaa Kadutu juu kabisa. Kila asubuhi nambeba binti yetu wa mwaka 1 mgongoni, nashuka naye ngazi mpaka kwa bibi yake. Anashika biberoni mkono mmoja na mdoli mkono mwingine. Huko kwenu Goma kitu kikianguka kinakaa. Sisi huku kikianguka kinaondoka. Nimepoteza biberoni 3, zimeteremka mpaka kwenye mfereji, na mdoli mmoja nilimwona kwa macho yangu anaelekea ziwani. Wenzangu wananicheka. Nimefikiri kumfunga vitu hivyo kwenye vifundo vya mikono. Unasemaje?*

*Baba wa Kadutu*

Baba, kwanza nakupongeza. Wanaume wanaobeba mtoto mgongoni mchana kweupe siwaoni wengi, na wanaokucheka wabebe wao tuone.

Mikononi usimfunge. Kamba inajikunja, inakaza, vidole vinavimba na wewe huvioni kwa sababu yuko nyuma yako. Tena akikutana na tawi au msumari wa ukuta, wewe unashuka na yeye amenaswa.

Biberoni isiwe mkononi mwake njiani kabisa. Mtoto anayetikiswa kwenye ngazi huku ananyonya anaweza kupaliwa, na huwezi kumwona. Ifunge na kifuniko chake, itie kwenye mfuko uliouvaa begani kwa mbele. Atakunywa kwa bibi, ameketi. Kwa mkono wake mtupu, mwambie mshonaji wa mtaani kwenu ashone kipande cha kitambaa laini, ukubwa wa leso iliyokunjwa, moja kwa moja kwenye kitenge chenyewe cha kubebea, pale mabegani mwako. Kishonwe kiwe sehemu ya kitenge. Kisining'inie kwa kamba. Ukitaka kiwe na macho na pua, tia kwa uzi wa kudarizi, si kwa vifungo. Atakishika, atakitafuna, atakiachia, nacho kitabaki palepale mgongoni kwako. Kifue kila jioni, kitakuwa na mate ya siku nzima.

Na siku unapopanda moto, yaani pikipiki, badala ya ngazi, asishike chochote. Mtoto akiangusha kitu anakifuata kwa mwili mzima, na wewe utageuka, na dereva akisikia unapiga kelele atashika breki. Mdoli mwingine unanunuliwa Kadutu sokoni.

Barua ya tatu

*Shangazi, mimi ni yaya kwenye nyumba moja ya Himbi. Mama wa nyumba anataka kila kitu kilichogusa chini kichemshwe, hata gari la plastiki. Makala (makaa) yanaisha, ananigombeza kwa makala pia. Bibi yangu kijijini anasema mikrobu haiui Mwafrika. Baba wa nyumba yeye anaokota haraka haraka, anapuliza, anasema haijafika sekunde 5. Nimsikilize nani?*

*Yaya, Himbi*

Binti yangu, mshahara wako unatoka kwa mama wa nyumba, kwa hiyo tuanze na kumpa heshima yake. Lakini kati ya hao watatu, hakuna anayepata alama zote.

Bibi yako nampenda bila kumjua, ila msemo huo umetuzikia watoto. Hapa Goma tunaujua ugonjwa wa kipindupindu. Waliokuwepo Julai 1994 hawahitaji kusimuliwa. Maji mengi tunayatoa ziwani kwa bidoni, viatu vinapita mferejini na kuingia sebuleni. Mikrobu haiulizi kabila.

Baba naye, sekunde zake 5 zilipimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walidondosha vyakula kwenye sakafu za namna mbalimbali zilizopakwa bakteria. Mara nyingine bakteria zilihamia kwenye chakula kabla sekunde 1 haijaisha, na kitu chenye majimaji ndicho kilichobeba nyingi. Walitumia tikiti maji. Sisi tuna chuchu ya biberoni yenye maziwa na mate. Kwa hiyo kuwahi hakumsaidii. Kupuliza ndiyo kabisa, anaongezea za mdomoni mwake.

Mimi ningegawa hivi. Kinachoingia mdomoni pamoja na chakula, yaani biberoni, chuchu yake, tetini, kijiko: kikianguka hakirudi mdomoni hadi kioshwe. Usikipanguse na kitenge. Hicho kitenge umekalia nini nacho leo? Uwe na biberoni 2 au 3 safi, na sahani yenye kifuniko ya kuwekea zilizoanguka, uzioshe zote kwa mara moja. Hapo makala yanapona. Osha na sabuni na brashi kwanza, mpaka mafuta ya maziwa yatoke, kwa sababu kuchemsha uchafu ni kupika uchafu. Kisha zizamishe zote, zisielee, maji yachemke kwa dakika 10. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, na hiyo inatosha kuua. Kabla ya kumpa mtoto, ivute chuchu kwa vidole. Ikichanika au ikinata, itupe siku hiyohiyo. Na maziwa ya unga yaliyobaki baada ya kunyonya usiyatunze ya baadaye, mwaga. Hata ambayo hayajaguswa, yakikaa masaa 2 nje yameshapitwa.

Gari la plastiki lililoanguka sebuleni juu ya zulia, maji na sabuni yanatosha, mara moja kwa siku, jioni. Likiangukia uani, au mahali kuku wamepita, lioshe hapohapo. Hakuna haja ya kulichemsha. Litapinda magurudumu na utakatwa mshahara.

Njia ya kumwambia mama bila kumkosea: usimwambie Shangazi amesema. Mwambie umeona makala yanaisha upesi, je, akubali mchemshe biberoni zote mara moja asubuhi na mara moja jioni? Mwenye nyumba anapenda wazo linalookoa makala likitoka kwake.

Barua ya nne

*Shangazi, nina mtoto wa miezi 4. Wakati wa kupika hakuna wa kunisaidia. Namlaza kitandani, naegemeza biberoni kwenye mto, lakini inateleza inaanguka chini. Nishone nini ili isimame yenyewe?*

*Mama wa Ndosho*

Usishone chochote, mama. Hiyo biberoni inayoanguka inamwokoa mtoto wako.

Mtoto wa miezi 4 aliyelala chali, biberoni imesimamishwa mdomoni, hawezi kuisukuma. Maziwa yanaendelea kutoka hata akitaka kupumua. Akipaliwa wewe uko kwenye mbabula, moshi machoni, sufuria inalia, hutasikia. Hata asipopaliwa, maziwa yanayokaa mdomoni usingizini yanaozesha meno yanapoota, na masikio nayo yanapata shida kwa kunyonya amelala bapa. Na mto wenyewe karibu na uso wa mtoto wa miezi 4 uutoe leo, biberoni iwepo isiwepo.

Nadhani unapika sombe (kisamvu), ndicho chakula kinachomshika mtu jikoni hivyo. Sombe ikishatwangwa haikuhitaji kila dakika. Ongeza maji, funika, punguza makala chini yake, ukae kwenye kigoda mbali na moto, mtoto mkononi kichwa kimeinuka, ushikilie biberoni wewe. Dakika 15 au 20. Ikianza kunusa kuungua, toa biberoni mdomoni kwanza, kisha ndipo uende kwenye sufuria.